Mkutano wa Saa Nne

Haya ni mazungumzo yaliyoandaliwa kwa baraza za wananchi katika wadi ya Adu, kaunti ndogo ya Magarini, kuhusu tabia ya kuchelewa.



Tangazo limesema mkutano ni saa nne asubuhi. Mama anayetoka kijiji cha mbali ameamka alfajiri. Amechota maji, amewapa watoto uji, amemwachia binti maagizo ya mbuzi, kisha ameshika njia kwa miguu. Saa tatu na nusu ameshafika. Anakaa chini ya mkwaju na wenzake, anatoa ukili wake na kuanza kusuka. Viti vya plastiki vimepangwa, turubai limefungwa, wageni bado. Saa nne inapita. Saa tano inapita. Saa sita na nusu vumbi linaonekana barabarani na watu wanasema, "Haya, wamefika." Inafuata sala, inafuata nyimbo, unafuata utambulisho wa wageni, ambao peke yake unaweza kula nusu saa kwa sababu kila anayetambulishwa husimama na kumtambulisha mwingine. Jambo lenyewe lililowaita watu, yaani kama fedha za mwaka ziende kwenye bwawa la maji au kwenye darasa la chekechea, linaguswa saa nane.

Saa nane yule mama hayupo. Mbuzi wanataka maji, na watoto wanarudi kutoka shule. Ameondoka saa saba, na si yeye peke yake. Wameondoka wenye kazi, wamebaki wasio na haraka. Wale waliobaki wanainua mikono, na kumbukumbu za mkutano zinaandikwa kwamba wananchi wa Adu walikubaliana.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 196, inalitaka bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi katika kazi zake. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaeleza zaidi haki hiyo. Lakini haki ya kusema mkutanoni haimfikii mtu ambaye mkutano ulianza akiwa ameshaondoka. Ndiyo maana habari ya kuchelewa, ambayo watu huicheka kama kasoro ndogo ya tabia, inastahili kuzungumzwa hadharani.

Kwanza tuondoe uongo mmoja. Mtu akialikwa harusini au mkutanoni huuliza, "Ni saa ya Kizungu au saa ya Kiafrika?" Wote hucheka. Maana ya swali ni kwamba Mwafrika ameumbwa achelewe, na anayefika mapema amejifanya Mzungu. Mwaka 2007 huko Abidjan, nchini Ivory Coast, kulifanyika shindano la kumtafuta mfanyakazi anayefika kwa wakati kuliko wote, likiungwa mkono na Rais Laurent Gbagbo. Zawadi ilikuwa nyumba. Aliyeshinda, mshauri wa sheria Narcisse Aka, alikuwa amekwisha kubandikwa jina na wenzake: bwana wa saa za Kizungu. Hata kwenye sherehe ya kumsifu mtu kwa kuheshimu wakati, wakati wenyewe ulipewa mwenyewe mgeni!

Pwani hii haina sababu ya kukubali maneno hayo. Saa za Kiswahili zenyewe zimefungwa kwenye jua. Saa moja ya asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana, saa moja ya usiku ni saa ya kwanza ya usiku, na kwa kuwa Malindi iko karibu na ikweta, hesabu hiyo haiyumbi sana mwaka mzima. Wagiriama walikuwa na wiki yao ya siku nne, ya mwisho ikiitwa Jumwa, siku ya kuweka jembe chini, na hadi leo wapo mabinti wanaobeba jina hilo. Msikitini watu huitwa mara tano kwa siku na huitika. Mkulima anajua kwamba mahindi yanayopandwa mvua ikiwa imeshazeeka hayatamsubiri.

Na baharini kuchelewa kulikuwa na bei inayojulikana. Kaskazi ilivuma kwa majira yake na kusi kwa majira yake, na nahodha aliyekosa upepo alikaa bandarini miezi. Vasco da Gama ni shahidi wa jambo hilo hapa hapa Malindi. Aliondoka Aprili 1498 akiwa na rubani aliyepewa hapa, upepo ukiwa mwema, na kabla ya mwezi mmoja kwisha alikuwa amefika pwani ya India, karibu na Calicut. Wakati wa kurudi hakungoja upepo ugeuke. Aliondoka Calicut mwishoni mwa Agosti, akafika Malindi Januari 1499. Mabaharia wake wengi walikufa njiani, na baadaye ilibidi meli moja ichomwe moto kwa kuwa waliobaki hawakutosha kuiendesha. Watu wa pwani walikuwa wakizijua tarehe hizo za upepo kabla hajazaliwa.

Tena si mbali na hapa, Ngomeni, kuna jukwaa la San Marco lililojengwa baharini na Waitaliano. Setilaiti ya kwanza ilirushwa kutoka hapo Aprili 1967, na tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ikarushwa nyingine iliyopewa jina la Uhuru. Kazi hiyo huhesabiwa kwa sekunde. Kwa hiyo anayesema kwamba Magarini na saa ni vitu visivyojuana atafute maneno mengine.

Mtaalamu mmoja Mkenya aliwahi kulitetea jambo hili kwa njia tofauti. Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alichukua maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, akajenga juu yake maelezo ya wakati. Kwake, katika fikra za asili wakati hufanywa na matukio. Mgeni akiwakuta watu wamekaa chini ya mti husema wanapoteza wakati, kumbe wanaungoja. Wasomi wengine wa Kiafrika, akiwemo Kwame Gyekye wa Ghana, hawakukubaliana naye kwa mambo kadhaa. Hata hivyo hoja ya Mbiti ina uzito kwa mambo ya kijijini: ngoma huanza watu wakifika. Tatizo ni kuichukua hoja hiyo na kuipeleka zahanati, au kwenye dirisha la kupokea fomu za basari linalofungwa saa kumi na moja jioni ya siku ya mwisho.

Sasa tuje kwa mchelewaji mwenyewe.

Kila kijiji kinaye. Tumchukue mmoja wa mfano, aliyeundwa kwa vipande vya watu wengi, na tumwite Nafika, kwa kuwa hilo ndilo neno lake kwenye simu. Alichelewa shuleni akachapwa. Alichelewa kwenye harusi yake mwenyewe, na mpaka leo shemeji zake hawajaacha kumkumbusha. Amekosa kazi ya kibarua mara mbili kwa sababu lori la kubeba watu liliondoka bila yeye. Mkewe humdanganya saa: sherehe ikiwa saa nane humwambia saa sita, naye, akishagundua mchezo huo, hujiongezea saa mbili kichwani. Si mvivu. Ukimpa shamba alime, atalima mpaka giza. Si mwenye dharau pia. Akifika amechelewa huinama, huomba radhi, na usiku hulala akijilaumu. Kesho yake huchelewa tena.

Siku moja mzee alimshika mkono, akamuuliza.

"Mwanangu, leo ulitoka nyumbani saa ngapi?"

"Saa nne, baba."

"Na mkutano ulikuwa saa ngapi?"

"Saa nne, baba."

Mzee alicheka, lakini alikuwa amefika kwenye kiini. Kwa Nafika, saa iliyo kwenye tangazo ni saa ya kuondoka. Njia haina hesabu kichwani mwake. Tena akikumbuka kuihesabu, huihesabu kwa siku nzuri kuliko zote alizowahi kuipita: ile siku ambayo pikipiki ilikuwa mlangoni, barabara ilikuwa kavu, na hakusalimiana na mtu. Siku hiyo alitumia dakika ishirini. Tangu hapo safari hiyo ni ya dakika ishirini, hata kama mara mia zilizofuata ilimchukua saa nzima.

Kosa hili lina wachunguzi wake. Mwaka 1979 Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza jinsi watu wanavyokadiria muda wa kazi kwa kuangalia mpango walio nao na kusahau kazi kama hiyo iliwachukua muda gani zamani. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake wawili huko Kanada waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu watamaliza lini tasnifu zao. Wastani wa makadirio ulikuwa siku 34 hivi. Ilichukua siku 55. Waliwauliza pia: mambo yakienda vibaya kabisa, itakuwa siku ngapi? Wakasema 48 au 49. Yaani hata walipoombwa wafikirie mabaya, hawakuyafikia mabaya yaliyokuja kweli. Na hao walikuwa wasomi waliokaa vitini, wasio na mto wa kuvuka wala barabara ya udongo iliyonyeshewa.

Kuna kosa la pili, dogo, ambalo wachelewaji wengi wanalijua na hawalisemi. Nafika anaweza kuwa tayari mapema. Amevaa, viatu vimepigwa rangi, na amebakiwa na dakika kumi. Basi anaona dakika hizo zitapotea bure. Anachukua nyundo agongee ule ubao wa mlango uliolegea tangu wiki jana. Ubao wa kwanza unafunua wa pili. Anapoweka nyundo chini, shati lina jasho na saa imekwenda.

Na chini ya makosa hayo mawili lipo jambo la tatu: mchelewaji huchukia kungoja. Kufika mapema na kukaa bila kazi humuuma kama hasara. Kwa hiyo anapanga afike kwa dakika ile ile, bila kuacha nafasi, na njia ya Adu haijawahi kumpa mtu dakika ile ile. Asilolitazama ni kwamba kungoja hakukuondoka. Amekuhamisha tu, kutoka kwake kwenda kwa yule mama wa ukili.

Lugha ya Kiswahili imeliona hilo. Mtu akichelewa huitwa mchelewaji. Akiwafanya wengine wachelewe huitwa mcheleweshaji. Maneno mawili, tofauti ya silabi moja, na ni vigumu kuwa la kwanza bila kuwa la pili.

Haki itendeke pia: si kila anayechelewa ana tabia ya kuchelewa. Mama aliyetumwa na kisima kilichokauka, kijana anayelinda usiku na kulala alfajiri, mzee mwenye magoti mabovu, hao wamecheleweshwa. Wapo pia watu ambao akili zao hupata shida ya kweli kushika muda na mpangilio, tangu utotoni, na madaktari wanaitambua hali hiyo. Mtoto wa namna hiyo hasaidiwi na kiboko cha getini. Mwalimu anayemwona mtoto mmoja akichelewa kila siku angeanza kwa kumuuliza anatoka wapi, na ameamka kufanya nini kabla ya kuja.

Mahali ambapo tabia hii inaumiza zaidi ni zahanati, na pande zote mbili za dirisha zina lawama.

Chukua chanjo ya surua na rubela, ambayo mtoto hupewa akiwa na miezi 9 na tena akiwa na miezi 18. Dawa huja ikiwa unga ndani ya kichupa cha dozi 10. Muuguzi akishaichanganya na maji yake, ina muda usiozidi saa 6, kisha kilichobaki hutupwa. Kwa hiyo siku ya kliniki ina maana yake: watoto wafike pamoja, kichupa kifunguliwe, dozi zitumike. Mama akifika jioni, kichupa kimekwisha au kimetupwa, na muuguzi husita kufungua kingine kwa mtoto mmoja. Anaambiwa arudi siku nyingine. Njia aliyotembea ni ile ile, na mtoto anaendelea kukaa bila kinga. Lakini pia kuna asubuhi ambapo akina mama wamejaa barazani tangu saa mbili, watoto wamechoka na joto, na mlango unafunguliwa saa nne bila neno la kueleza. Mama aliyeonyeshwa hivyo mara tatu amefundishwa kwamba saa mbili ni maandishi tu, na mara ya nne anakuja saa tano.

Katika uzazi mambo ni mazito zaidi. Mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine waliandika kuhusu vifo vya akina mama wanaojifungua, wakagawa ucheleweshaji katika sehemu tatu: kuchelewa kuamua kutafuta msaada, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Wahudumu wa afya hutumia mgawanyo huo mpaka leo. Barabara na gari la wagonjwa ni kazi ya serikali, na kuhudumiwa ukishafika ni kazi ya kituo. Lakini ule wa kwanza hukaa nyumbani. Ni pale baba anaposema, "Ngojeni jua lipoe." Ni pale mama mkwe anaposema uchungu wa kwanza huwa mrefu, hakuna haraka. Ni pale Nafika anaposema kwa simu kwamba yuko njiani, na yeye ndiye mwenye pesa ya nauli, na hajaondoka. Mama akitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, muda wa saa 2 hivi unatosha kumuua. Hapo zile dakika ishirini za Nafika hazina pa kuombewa radhi.

Watu huuliza: basi kwa nini wachelewaji wasitozwe faini? Vyama vya akina mama vimejaribu sana jambo hili, na kila mwenye kikundi anajua kisanduku cha faini. Uzoefu wa kwingine unastahili kusikizwa hapa. Wachumi wawili, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, walichunguza vituo 10 vya kulelea watoto mjini Haifa, Israeli, ambako baadhi ya wazazi walichelewa kuwachukua watoto jioni. Katika vituo 6 kati ya hivyo kukawekwa faini ndogo kwa kila mzazi anayechelewa zaidi ya dakika kumi. Wachelewaji wakaongezeka, hadi karibu mara mbili ya mwanzo. Faini ilipoondolewa, hawakupungua.

Ukifikiri kidogo unaona ilivyokuwa. Kabla ya faini, mzazi aliyechelewa alimwonea haya mlezi aliyebaki na mtoto wake giza likiingia. Baada ya faini, amelipa, haya zimekwisha. Kuchelewa kumegeuka bidhaa yenye bei, na bei ni nafuu. Mtu yeyote aliyekaa kwenye chama amemwona mwanachama mwenye duka akiingia saa moja baadaye, akitupa hamsini mezani na kuketi akitabasamu. Anayeumizwa na hamsini hiyo ni yule muuza mchicha aliyechelewa kwa sababu mtoto aliharisha usiku.

Vikundi vinavyofanikiwa huonekana kutumia kitu kingine: vinaanza. Saa ikifika, waliopo wanafungua kikao, hata wakiwa wanne. Orodha ya mikopo inasomwa mwanzo kabisa, na aliyekuwa bado njiani anasubiri zamu ijayo. Hakuna aliyegombezwa. Mchelewaji anaingia na kukuta mambo yamepita, na kwa mara ya kwanza kungoja kunakuwa kwake mwenyewe.

Jambo hilo hilo ndilo linaloweza kufanywa kwenye baraza, na linaanzia kwa wageni wa heshima. Mkubwa akichelewa, hakuna mdogo atakayeamini tangazo. Mkutano uliotangazwa saa nne ufunguliwe saa nne na msimamizi wa wadi, chifu au mzee wa kijiji aliyepo. Ajenda iende mbele, salamu na utambulisho virudi nyuma. Mgeni akifika saa sita atambulishwe saa sita, katikati ya mazungumzo, kwa sentensi moja. Kumbukumbu ziandike saa ambayo mkutano ulianza hasa, si saa ya tangazo. Na tangazo lenyewe liandikwe kwa maneno, "saa nne asubuhi", kwa sababu ukiandika 10.00 peke yake, yupo atakayesoma saa kumi na kufika viti vinakusanywa. Hilo halikuwa kosa lake.

Bajeti nayo ina kalenda isiyopindishwa na utambulisho. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Wazo zuri la bwawa likiletwa Mei, limechelewa kwa mwaka mmoja. Wananchi wazidai tarehe hizo, na wadai kujulishwa mapema, si jioni ya kuamkia mkutano.

Na Nafika je? Kumwambia abadilike hakujasaidia tangu shule ya msingi. Yapo mambo machache ambayo watu wa aina yake wamejaribu na kuona nafuu. La kwanza ni kupima badala ya kukadiria: kwa wiki mbili aandike, hata kwa mkaa ukutani, saa aliyotoka na saa aliyofika. Ukuta hausahau kama yeye, na utamwonyesha kwamba safari ya dakika ishirini ni ya dakika hamsini na tano. La pili ni kuacha kuishika saa ya mkutano kichwani na kushika saa ya kutoka. Akiulizwa baraza ni lini, ajibu, "Natoka saa mbili na nusu." Nyundo asiiguse akishavaa viatu. Na abebe kazi ya kungojea. Akina mama waliokaa chini ya mkwaju walijua zamani kwamba anayeshika ukili hangoji, anasuka.

Lililo gumu kuliko yote ni simu. Aliyezoea kusema "nafika" akiwa bado anaoga anahitaji ujasiri kusema, "Sijatoka." Lakini neno hilo humwachia anayengoja uamuzi wake: aondoke, aanze, au amtafute mwingine mwenye pikipiki.

Hatabadilika kwa siku moja. Mara ya kwanza atakapotoka mapema, barabara itamjaribu. Tumwone basi siku hiyo: ametoka saa tatu kasorobo, amejivunia njia nzima, na karibu na shule gurudumu la nyuma linapasuka. Anasukuma pikipiki mpaka uwanjani. Saa nne na dakika kumi. Kikao kimeshafunguliwa, mtu anasema kuhusu bwawa, na hakuna aliyegeuka kumtazama. Anaketi pembeni, kwenye mkeka, karibu na mama mmoja mzee ambaye mikono yake haijaacha ukili.

"Leo umetoka saa ngapi, mwanangu?" anauliza mama kwa sauti ya chini.

"Saa tatu kasorobo, mayo. Ni pancha."

"Basi juma lijalo toka saa mbili na nusu," anasema, kisha anainua mkono wake juu, kwa kuwa wameanza kuhesabu wanaotaka bwawa.